Mtu Kwenye Migomba ya Suji

Watu wa Same wana macho, na midomo wanayo vilevile. Muhidin alipofariki walimchunga mkewe, Tausi, tangu msibani mpaka anamaliza eda, wakaona jicho kavu. Ikawa hadithi ya sokoni. Kilio huanzia kwa mfiwa, walisema, sasa huyu mbona sisi wa pembeni ndio tulioloanisha khanga? Wengine wakaongeza kwamba hakumpenda. Hebu ona. Mtu kaamka asubuhi, kamkuta mumewe ameanguka bafuni, kamshika yuko baridi, halafu wewe uliyekuja kula pilau unampimia machozi.

Kweli yenyewe ni kwamba Tausi hakuhisi kitu. Chakula alikula bila kujua kina chumvi au hakina. Alikuwa kama mguu uliokaliwa ukafa ganzi: unauona ni wako, ukiufinya hausemi. Na hilo ndilo lililomtisha. Alishaanza kujiuliza kama kweli alimpenda yule bwana, au watu wa sokoni ndio waliomwona alivyo.

Eda ilipoisha akafungua tena studio yake ya picha karibu na stendi. Picha za paspoti, za harusi, na zile za wanaokuja wakinong'ona, "Dada, nitolee huyu mwanamke hapa pembeni, tulishaachana." Tausi huchukua brashi ya kwenye kompyuta, akampaka mwanamke ukuta, mwanamke akatoweka. Haulizi.

Siku moja akaingia mama Asteria, mwenye nyumba ya wageni kule barabara kuu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nataka picha kubwa ya milima ya kwetu Suji, niiweke mapokezi. Isiwe ya rangi, za rangi kila kalenda inazo. Nataka mgeni akiingia anyamaze kidogo. Na watu sitaki, milima tu."

Tausi alikuwa nayo. Aliipiga mwaka jana, siku walipopanda Suji kwenye harusi ya jamaa, yeye na Muhidin. Muhidin alikuwa na ugonjwa wa kujiingiza kwenye picha, ikabidi amfukuze: "Hebu toka hapo bwana, unaniharibia milima."

Akaifungua. Mama Asteria akavuta kiti, akakaa pembeni yake. Tausi akaondoa rangi zote kwa mkupuo, picha ikabaki ya kijivu, imelala kama uji uliopoa.

"Ndiyo hiyo?" mama Asteria akakunja uso.

"Bado mama. Kuondoa rangi si kazi. Kazi ni kuamua kila rangi iliyoondoka iache weusi kiasi gani."

Akashusha bluu. Anga likaiva, mawingu yakajitokeza meupe, yamejaa. Akatia giza kwenye makorongo mpaka mgongo wa mlima ukasimama, na huko chini tambarare ikafifia kwa vumbi lake. Mama Asteria akaanza kunyamaza. Ilibaki migomba ya mbele, kijivu tupu kama tope. Sasa, jani ukilitazama ni kijani, lakini kwenye mashine ukitaka ling'ae unapandisha njano, maana jani lina njano nyingi kuliko linavyojionyesha. Tausi akapandisha njano. Migomba ikawaka, jani kwa jani.

Katikati ya migomba pakabaki kitu cheusi. Ilikuwa nguo ya mtu; kitambaa cha kijani cha dukani hakina njano ya jani, kwa hiyo hakikuwaka.

"Yule ni nani?" mama Asteria akauliza.

Tausi akaikuza picha kidogo. Mtu amechuchumaa, amejibanza kwenye mgomba, mikono magotini. Shati la kijani la Idi, la mumewe, lile pale. Kumbe Muhidin alipofukuzwa hakwenda mbali. Mwaka mzima alikuwa humo humo, kijani ndani ya kijani, na mkewe hakumwona.

Tausi akasubiri moyo ushtuke. Haukushtuka. Akajisemea, basi ndiyo hivyo, wa sokoni wamesema kweli.

"Sijui, mama. Ni mtu tu."

"Mtoe. Anaharibu."

Akachukua brashi. Akampaka majani miguuni, viatu vikaondoka. Akapanda magotini, mikono nayo ikaondoka. Alikwenda vizuri, bila haraka, mpaka alipokuza tena ili afanye kichwa. Hapo akauona uso. Muhidin alikuwa amebana midomo, mashavu yamejaa, anazuia kicheko asije akamharibia mkewe picha.

Brashi ikasimama.

"Maliza basi, mwanangu."

"Siwezi, mama." Sauti ilitoka ngeni. "Nimekudanganya. Huyu ni marehemu mume wangu, na mimi nimemfuta miguu."

Lile neno marehemu hakuwa amewahi kulitamka. Lilipotoka likafungulia yote, akalia kwa sauti mpaka wa duka la jirani akaacha mizani yake ikining'inia. Na huku analia, kidole kinabonyeza kurudisha nyuma. Mikono ikarudi. Magoti yakarudi, viatu vikarudi. Kidole hakikukoma. Migomba ikaingia giza, anga likapauka, mwisho rangi zote zikarudi mahali pake, na Muhidin akapotea tena kwenye kijani.

Bado alikuwa anabonyeza. Mama Asteria akaushika ule mkono, akamwekea mapajani, kisha akaenda kufunga mlango.