Balbu ya Kambo

Juzi, hapa mtaani kwetu Naviundu, jenereta ya jirani ilianza kulia kwa sauti nyembamba, na balbu yake ikang'aa kupita kiasi. Nikamkumbuka Kambo, mama yake Papa.

Mchana mmoja, nilipokuwa mtoto, umeme ulikuwa umekatika. Kambo alilala mgonjwa chumbani, nami kando yake, mapazia yamefungwa, siku nyingi hajasema neno. Nje Papa alikuwa akizungusha skrubu ya kabureta ya kajenereta ketu, na moshi wa esanse, petroli iliyochanganywa na oili, ulinuka hadi kitandani. Kila alipoizungusha, balbu ilififia, kisha ikawaka tena, kana kwamba inapumua.

Ghafla injini ikalia juu, chumba kikawa cheupe. Kambo akaketi, akiitazama balbu bila kupepesa.

"Mulete bukari," alisema kwa nguvu, akitaka ugali wake. "Niko na njala."

Niliamini mwanga ndio uliomponya. Nikakimbia nje. "Papa! Kambo amepona! Na moteri iko na nguvu!"

Papa aliinamisha kichwa, akasikiliza. "Hapana, mutoto wangu. Esanse inaisha. Inaliaka hivi mbele ya kuzimika."

Kisha akageukia dirisha la Kambo, kama mtu aliyesikia maneno yake mwenyewe. Bidoni, dumu la esanse, ilikuwa miguuni pake. Akairuka, akakimbilia ndani kwa mama yake.