Msichana wa Mwisho Kwenye Foleni

Bernie Hrabak alikuwa hamwamini mtu. Nyama ikiletwa jikoni kwetu shuleni aliipima upya, padri akihubiri alimtazama viatu, na mimi niliyekuwa nikimenya viazi naye tangu mumewe hajafa nilikuwa siachiwi ufunguo wa stoo. "Mdomo wa mtu usiusikilize, Fay," alikuwa akiniambia. "Mwangalie mikono." Sikumlaumu sana. Mumewe aliambiwa Ijumaa kwamba kiwanda cha chuma ni imara kama mlima, na Jumatatu akakuta lango limefungwa kwa mnyororo. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mji wetu wote wa Ohio, Marekani, uliumwa siku ile.

Kitu kimoja tu alikiamini: televisheni. Miaka hiyo kila Jumapili jioni kulikuwa na ule mchezo wa polisi vijana wanaovaa kama wanafunzi na kuingia sekondari kupeleleza. Sote wapishi wa shule tuliutazama, na Jumatatu tuliusimulia upya juu ya masufuria.

Jumapili moja ya Kwaresima, polisi wa kike alijifanya mwanafunzi mgeni, akamzoea msichana mpweke, akala mezani kwa mama yake na kuisifu supu. Akaondoka na kikombe kwenye mkoba kwa ajili ya alama za vidole. Mwishoni alimfunga yule rafiki pingu mbele ya mama mtu. Mimi nililia, nikalala. Bernie hakulala.

Asubuhi alinivuta nyuma ya jokofu. "Fay, yule Lorna ni polisi."

"Lorna gani?"

"Huyu aliyeganda na Cheryl wangu. Kaja Februari. Nani anahamia shule Februari, katikati ya mwaka? Na uso ule ni wa mtu mzima kabisa."

"Uso wa shida, Bernie. Hata wewe ulizaliwa na huo."

Hakucheka. Alinong'ona kwamba ameikuta misokoto miwili ya bangi kwenye koti la bintiye. Hapo na mimi utani ukaniisha. Cheryl alikuwa mtoto wake wa pekee, na chuo cha uuguzi kilikwisha kumkubali. Pingu zikigusa mkono ule, chuo kingemfuta, na Bernie angebaki na sufuria za kuosha mpaka kaburini.

Tangu siku hiyo alimchungulia Lorna kupitia dirisha dogo la kupokelea vyombo vya kuosha. Na kweli, msichana yule alikuwa na mambo. Wenzake wakipanga foleni ya chakula, yeye alisimama ukutani karibu na mlango, macho yakitembea meza hadi meza. Foleni ikiisha na watu wakishughulika na kula, ndipo alipokuja, wa mwisho, akigeuka kushoto na kulia.

"Umeona?" Bernie aliniuliza. "Anawahesabu."

Niliona. Nami nilianza kuogopa, nisiseme uongo.

Ijumaa, kama alivyonisimulia baadaye, Bernie alimwalika chakula cha jioni ili amtege. Alipika pirogi, yale maandazi madogo ya kuchemsha yenye viazi na jibini ndani, maana nyama ni mwiko Ijumaa za Kwaresima. Katika mji wetu ukitaka kumjua mtu humuulizi anakaa mtaa gani, unamuuliza parokia yake.

"Unasali parokia gani, binti?"

Lorna alitazama sahani. "Bado hatujachagua, mama."

"Na baba anafanya kazi wapi?"

"Anatafuta."

"Mnakaa wapi?"

"Upande wa mtoni huko."

Kila jibu lilimchoma Bernie kama mwiba. Na msichana alikula sahani tatu, akazisifu pirogi neno kwa neno kama yule wa kwenye televisheni. Halafu Bernie, macho mikononi kama kawaida yake, akaona: chini ya meza Lorna alikuwa akifunga pirogi mbili kwenye leso ya karatasi na kuzisukuma mfukoni.

Bernie akasimama. "Ushahidi umeshapata? Kamwambie mkubwa wako mwanangu hana kosa. Na nyumbani kwangu usirudi."

Lorna alichukua koti lake, akatoka. Cheryl akamwambia mama yake, "Bangi ile nilipewa na mvulana wa timu ya mpira. Lorna ndiye aliyekuwa akinihimiza niitupe." Akapanda chumbani, na siku zilizofuata hakumsemesha mama yake hata kuomba chumvi.

Jumatatu mkusanya tikiti za chakula aliumwa, Bernie akakalishwa kwenye kiti chake. Tikiti nyeupe ni za wanaolipa. Za njano ni za wale ambao serikali inawalipia, na mtoto angeona bora afe kuliko kuonekana nayo. Foleni ikaisha. Lorna akaja wa mwisho, akageuka kushoto na kulia, akatoa tikiti kwenye mkono wa sweta na kuitelezesha kifudifudi.

Ilikuwa ya njano.

"Zile pirogi zilikuwa za mdogo wangu," alisema bila kumtazama. "Sikuchukua kitu kingine."

Bernie alirudi jikoni akalia waziwazi kwenye aproni, na mimi nikalia naye, maana tuliosema kikulacho ki nguoni mwako tulikuwa wawili. Kesho yake Lorna hakuja shule, wala keshokutwa.

Alhamisi, Bernie alibeba bakuli la pirogi na kumwomba Cheryl amwonyeshe njia. Cheryl alikubali, lakini alitembea mbele, peke yake. Ilikuwa moja ya zile nyumba zilizoachwa kiwanda kilipofungwa: umeme hakuna, madirishani mbao. Bernie alibisha. Kitoto cha kike kilisema nyuma ya mlango:

"Nani?"

"Mimi ni mpishi wa shule, mwanangu. Nimewaletea chakula."

Mlango haukufunguka. Kisha: "Wewe ni polisi?"

"Hapana, mpenzi. Mimi ni mama yake Cheryl."

"Dada kasema mkijua tunalala humu mtatutenganisha na baba. Kasema polisi wanajifanya watu wengine. Wanakuja na chakula."

Bernie, aliyewashuku watu maisha yake yote, alilishika bakuli kwa mikono miwili. Aligeuka kumtazama bintiye pale kwenye ngazi. Cheryl aliinama kidogo, akaongea na ufa wa mlango.

"Tina, ni mimi. Mwambie Lorna afungue," alisema. "Ila mama yangu mwangalieni mikono."