Limi wa Didia na Mwendo Alioachiwa

Kwa miaka minne mfululizo hakuna mwanamke aliyempita Limi kwenye mashindano ya baiskeli kutoka Didia mpaka Shinyanga mjini. Alijifunza kwa baiskeli nzito ya baba yake, ile ya kubebea magunia ya pamba, na mashindano yalipokuja aliona kama anacheza tu.

Mwaka wa tano pumzi ilimkatikia njiani. Alishuka, akakaa kando ya lami, midomo imekuwa na rangi ya majivu, wenzake wakimpita mmoja mmoja. Alikuwa na miaka ishirini na sita na mtoto mmoja, Agatha.

Hospitalini daktari alimchorea moyo nyuma ya boksi la dawa. Mlango mmoja wa moyo ulikuwa umeharibika, huenda tangu utotoni, kwa maumivu ya koo yaliyopita bila kutibiwa.

"Mashindano basi, Mama Agatha," alimwambia. "Mizigo mizito basi. Lakini usilale. Tembea kila siku, mwendo unaokuruhusu kuongea. Ukiona maneno yanakatika, simama."

Akaandikiwa vidonge na sindano ya kila mwezi, na jina lake likaingia kwenye orodha ya wanaosubiri upasuaji.

Mumewe, Mageni, alikuwa amekaa pembeni. Katika maneno yote hayo aliondoka na moja tu: basi. Baiskeli akaipeleka kwa kaka yake Bukombe ili isimtie mkewe tamaa. Mama yake, Nyamizi, akachukua jembe, ndoo na mwiko.

"Wewe kaa tu, mayu, mama yangu," Nyamizi alimwambia mkwewe. "Chungu chenye ufa hakitikiswi."

Ulikuwa upendo wa kweli, na ndiyo maana Limi alishindwa kuukataa. Alikaa miezi mitano. Mapaja yakalegea, na kwenda chooni tu akawa anahema. Agatha akililia kubebwa, bibi yake alimnyanyua kabla Limi hajanyoosha mikono.

Kliniki ndiko alikokutana na Asteria, mwuza vitenge wa Ushirombo, mwenye ugonjwa kama wake.

"Mimi nililala mpaka nikasahau kusimama," Asteria alimwambia. "Sasa natembea kwa nguzo za umeme. Leo moja, wiki ijayo mbili."

"Na nitaongea na nani huko njiani?"

"Na Mungu. Ukikosa la kumwambia, hesabu nguzo kwa sauti."

Limi akaanza. Mwanamke anayetembea bila ndoo wala jembe, tena akiongea peke yake, hakuwahi kuonekana pale kijijini. Watu wakasema amerogwa. Maneno yalimfikia Mageni kilabuni, na kesho yake asubuhi mkewe alipotoka, naye akatoka.

"Tuongee nini?" aliuliza.

"Chochote. Nikinyamaza, ujue nimechoka."

Tangu waoane hawakuwahi kuongea kiasi kile. Kufikia mavuno ya pamba, Limi alikuwa amefika nguzo kumi na nane, na sasa alimpakata Agatha mwenyewe akiwa amekaa.

Kisha Asteria akafa. Muuguzi Febronia ndiye aliyemwambia Limi, kliniki, akiwa ameshika sindano ya Limi ya mwezi ule. Asteria alijisikia mzima, akaacha vidonge wiki tatu, akajiandikisha kukimbia na wanawake wenzake wa sokoni siku ya sherehe ya soko lao. Hakufika nusu ya uwanja.

Mageni aliposikia alisema, "Kutembea kumekwisha."

"Asteria hakuuawa na kutembea, Baba Agatha. Aliacha dawa, akashindana."

"Na wewe hutashindana? Mimi nakujua."

Kulikuwa na jambo ambalo Limi hakuwa amemwambia mtu. Wiki iliyotangulia, siku ambayo Mageni alikuwa shambani, mwanamke mwenye mzigo wa kuni alimpita njiani. Limi akaongeza mwendo, akampita, kifua kikambana mpaka akashika nguzo ili asianguke. Na katika maumivu yale alikuwa na furaha. Sasa akamweleza mumewe yote, hata ile furaha.

"Hapo ndipo ninapoogopa," Mageni alisema.

"Hata mimi. Lakini nikilala nitaoza ningali hai. Uliniona."

Walikubaliana kwamba Limi hatatoka peke yake tena. Mageni akawa anatangulia, yeye anafuata, wala mumewe hakumruhusu kumpita, hata kwa hatua moja. Mara za mwanzo Limi alilia kwa hasira huku anatembea.

Mwezi wa kumi na moja kipimo kilionyesha moyo umezidi kutanuka. Daktari alisema hakuna kosa walilofanya. Ugonjwa unaendelea na safari yake, na kinachotakiwa ni upasuaji. Nguzo zikapunguzwa zikawa nane, na kupumzika kila baada ya mbili.

Nyamizi siku hizi humwachia kazi za kukaa. Limi hukata viazi vitamu vya michembe, vya kuanikwa, kivulini, vidonge vyake vikiwa kwenye kopo karibu yake. Mageni huipeleka simu senta, kwenye maduka, kuchaji kila siku ya pili, isije ikazima siku watakapoitwa kwa upasuaji. Bado hawajaitwa.