Povu Juu ya Nyama Changa

Wagonjwa walimwita Mama Povu, naye akaitika kwa fahari. Miaka ishirini na sita alisimama katika chumba cha kufungia vidonda cha zahanati, chenye kitanda cha mpira mweusi na sinki linalovuja, na dawa yake ilikuwa moja: ile ya chupa ya kahawia, ukiimimina kwenye kidonda inachemka na kutoa povu jeupe. "Ukiona povu, ujue uchafu unahama," alikuwa akisema. Nani angembishia? Ukimbishia anakuongezea, shauri yako.

Basi mumewe, fundi cherehani, akapata kidonda kisiginoni. Kisukari hicho, na kisukari hakina adabu. Kila jioni Mama Povu alimkalisha kitini, beseni chini, akamimina. Mzee anauma meno huku anatania, "Mke wangu, leo mguu umeiva?" Pembeni mwa kidonda kukaota utando mwembamba wa waridi, kesho yake umetoweka. Ukaota tena, ukatoweka tena. Miezi minne hiyo! Naye, maskini, akazidi kumimina, maana aliudhania uchafu.

Siku moja daktari mgeni, binti ambaye angeweza kumzaa, akaingia chumbani na kuiondoa ile chupa mezani.

"Shikamoo mama. Hii tuiache. Povu haliui vijidudu tu, linaunguza na nyama changa. Kidonda sugu tayari kimejaa ukali unaokula mwili kama kutu. Wenzetu wanajaribu hata kupaka dawa za kuupunguza, zenye vitamini C na E, sisi tunauongeza! Osha kwa maji safi ya chumvi, funika, basi."

"Mwanangu, kazi hii nimeianza hujazaliwa!"

"Najua, mama. Lakini ule utando wa waridi pembeni, hujawahi kuuona? Ndiyo ngozi mpya."

Loo! Mama Povu akashika ukingo wa sinki.

Alifika nyumbani mbio, akamkuta mzee anatetemeka kwa homa, mguu umekuwa mweusi hadi kifundoni. Wakamkimbiza hospitali. Wiki haikuisha, mguu ukakatwa chini ya goti. Daktari wa huko akamwambia kisukari ndicho chenye kosa kubwa, asijibebeshe mzigo wote. Asijibebeshe vipi, jamani, na mikono ni yake?

Aliporudishwa nyumbani, majirani wakaja kumpa pole, na mzee kila akijaliwa pumzi anamsifu mkewe: hakukosa hata jioni moja, wanawake wa namna hii wamekwisha. Mama Povu alikimbilia jikoni akajifunika uso kwa kanga, akalia kimyakimya.

Wageni walipoondoka, akaleta maji ya chumvi afunge kile kigutu.

"Mbona leo hutumii dawa yetu?" mzee akauliza.

Angeweza kudanganya. Alimwambia yote, asiache kitu.

Mzee akautazama ukuta.

"Kwa hiyo kilikuwa kinapona."

"Kilikuwa kinapona, mume wangu."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Akamwacha amalize kufunga. Hakugomba, hakupandisha sauti. Akavuta shuka taratibu juu ya kigutu.

"Ahsante," akasema. "Kesho nitakwenda hospitali, wanifunge wao."