Zamu Yangu Dirishani

Mwezi uliopita nilitoka kwenye jumba la sinema Mwanza filamu ikiwa haijafika mwisho, na mjukuu wangu bado hajanisamehe. Yuko darasa la nne. Shule yao ilikuwa imefunga, wakaamua kuwapeleka watoto kuona katuni, na kwa kuwa mama yake alikuwa kazini, mimi niliyekuja kusalimia tu nikageuka msindikizaji. Tuliingia na watoto wapatao arobaini, kila mmoja na bisi zake. Viti vilikuwa vya kummeza mtu mzima mzima. Giza likaja, wanyama wa kuchorwa wakaanza kuvuka jangwa, na watoto wakapiga kelele ya furaha ambayo naijua vizuri sana.

Mimi sikutulia. Nilikunja miguu, nikaikunjua. Nikageuka kutazama ukuta wa kushoto, kisha wa kulia, kisha tena wa kushoto.

"Babu, unatafuta nini?"

"Dirisha."

"Sinema haina madirisha, Babu! Tazama mbele."

Filamu ilipofika kama katikati nikamwambia mwalimu wao naenda msalani. Nilisimama nje ya ukumbi, karibu na mlango, mpaka wote walipotoka. "Umekosa mwisho!" mjukuu wangu akasema, karibu machozi yamtoke. Nikamwambia si mara ya kwanza. Akataka nimweleze, nikamnunulia soda. Sasa nakueleza wewe, ambaye soda haikunyamazishi.

Nilisoma shule ya msingi upande wa Mabawe, wilayani Ngara, wakati ambapo sinema kwetu ilikuwa neno tu. Maisha yalikuwa kuchota maji kabla ya shule, kumenya ndizi baada ya shule, na msimu wa kahawa kuchuma mpaka vidole vinate. Niliishi na bibi yangu. Alikuwa mkimya, mwenye kiko kilichokuwa hakizimiki, na harufu ya tumbaku yake ilichanganyika na ya maharage yaliyokuwa yakichemka tangu asubuhi, kiasi kwamba hadi leo nikisikia moja naitafuta ya pili. Alipenda kusema, "Mtoto asiyetulia huota nywele miguuni." Nilikuwa nikiitazama miguu yangu kila siku.

Jumatatu moja mwalimu wetu alisimama mbele ya darasa akisugua mikono. Padri amepata mashine ya sinema, akasema, na Jumamosi darasa letu limealikwa kwenye ukumbi wa misheni kuona picha za kuchorwa zinazotembea. Tukapiga meza. Akatunyamazisha, akatoa sharti. Padri hataki watoto watembee usiku kurudi vijijini, kwa hiyo sinema itaonyeshwa saa nane mchana. Mchana una mwanga, na ukumbi una madirisha kumi na mawili yasiyo na mbao, maana mbao zote ziliisha kwa mchwa. Basi kila mwanafunzi aje na blanketi. "Blanketi ndiyo tiketi," akasema. "Asiye na blanketi asijisumbue kutembea."

Mwenzangu wa dawati akainamisha kichwa. Kwao kulikuwa na blanketi moja, na lilikuwa la baba yake aliyekuwa mgonjwa kitandani muda mrefu. Hakuna mtu angethubutu kuliomba.

Hakuwa mtoto wa kulialia. Ndiye aliyejua kutengeneza mpira wa majani ya migomba unaodunda kweli, na hesabu zangu nyingi zilikuwa zake. Tukiwa njiani kurudi nyumbani nikamwambia, "La bibi yangu ni kubwa. Tutasema ni letu wote."

"Lina tundu," akasema. Alilijua. Cheche ya kiko ilikuwa imelichoma karibu na upindo, tundu la kuingiza kidole gumba.

"Tundu utaliziba wewe."

Tukacheka, na Jumamosi tukatembea hadi misheni tukipokezana kulibeba kichwani, tumbaku ikinuka mpaka wenzetu wakaanza kututania kwamba tumekuja na bibi mwenyewe.

Pale mlangoni mwalimu alituangalia, akaliangalia blanketi, akatabasamu upande mmoja. Madirisha kumi na moja yalikuwa na misumari, na wenzetu walikuwa wakifunga blanketi zao kwa kamba za migomba. La kumi na mbili, karibu kabisa na shuka nyeupe iliyotundikwa mbele, lilikuwa limebomoka fremu. Halikuwa na pa kufunga kitu. "Nyinyi wa blanketi moja," akasema, "dirisha lenu ni hili. Mmoja atasimama nje kwenye kile kijukwaa cha mawe, ashike blanketi kwa juu. Mkanda wa kwanza ukiisha, padri atasimamisha mashine abadilishe, na nyinyi mtapokezana. Nusu kwa nusu. Mmenielewa?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Nani anaanza nje?"

Mwenzangu akasema, "Mimi. Blanketi ni la kwao." Kisha akaninong'oneza, "Ila ukisikia mashine imenyamaza, usichelewe. Mimi nataka kuona mwisho. Mwanzo utanisimulia."

Nikamwahidi. Nilimwahidi huku nimemshika mkono.

Sijui nikueleze vipi kilichofuata ndani ya ukumbi ule. Jenereta ikaguruma nje, mwanga ukachoma vumbi juu ya vichwa vyetu, na kwenye shuka akatokea kijana mwenye kichwa kikubwa kuliko kiwiliwili, kapanda punda. Punda hatukuwa tukimjua. "Ng'ombe amekatwa pembe!" mmoja akapaza sauti. "Ng'ombe gani huyo ana masikio ya sungura?" mwingine akamjibu, na mwalimu akawagonga kwa fimbo ndefu aliyokuwa akitumia kutuonyesha mambo. Maneno ya filamu yalikuwa ya Kizungu, hivyo yeye alisimama kando akitutafsiria, na naamini nusu alikuwa akibuni. Ndege mkubwa alikuwa ameiba kengele ya kijiji, na bila kengele watu hawakujua muda wa kulima wala wa kula. Kijana akaapa kuirudisha. Akapita msitu unaocheka. Akalala ndani ya boga. Mwishowe akafika kwenye korongo lenye daraja la kamba, akaingia na punda wake, na yule ndege akatua upande wa pili akaanza kudonoa kamba, uzi mmoja baada ya mwingine.

Tak. Mashine ikanyamaza.

Blanketi la bibi likashuka, mwanga wa mchana ukaingia kwa dirisha letu, na uso wa mwenzangu ukatokea hapo umejaa vumbi na kicheko. Macho yake yalikuwa yakipita benchi kwa benchi, yakinitafuta. Mimi nilikuwa benchi la tatu, mahali pazuri ambapo sikuwahi kukaa maishani mwangu. Nikawaza daraja. Nikawaza punda.

Nikainama chini ya benchi, kama mtu anayefunga kamba za viatu. Sikuwa na viatu.

Aliniita kwa jina, mara moja tu, na si kwa sauti kubwa. Nikaona miguu ya wenzangu, nikaona maganda ya karanga sakafuni, nikayahesabu. Padri akauliza kwa Kiswahili chake cha mwendo wa pole kama madirisha yako tayari. Kisha dirisha la kumi na mbili likaingia giza kama mengine.

Angeweza kuliachia. Ningekuwa mimi ningeliachia, mwanga uingie, wote wakose. Hakufanya hivyo. Upepo wa kiangazi ulianza kuvuma kwa nguvu, blanketi likawa linavimba na kupwaya, na juu ya ukingo wake nikaanza kuviona vidole, vinne upande huu na vinne upande ule, vimekunjwa na kung'ang'ania. Nilivitazama vile vidole mpaka filamu ikaisha. Wenzangu walishangilia, walizomea, walisimama juu ya mabenchi. Mimi sikuona kama kijana alivuka, wala kama kengele ilipatikana. Nilikuwa nimeiba kiti, na sikukitumia.

Nje nilimkuta ameshalikunja blanketi. Mikono alikuwa ameibana kwapani. Nilikuwa nimetayarisha uongo kwamba nilisukumwa, sikusikia, mlango ulifungwa. Hakuniuliza lolote kati ya hayo. Tulipofika mteremkoni akasema, "Haya, iliishaje?"

Nikatunga. Nikamwambia kamba ilikatika lakini punda akaogelea. Nikamwambia kengele haikuwa kwa ndege tena, ilikuwa kwa bibi mmoja mlimani, kaigeuza juu chini akaifanya chungu cha maharage, na kijana ilibidi amsubiri ale ashibe ndipo airudishe. Alisikiliza njia nzima bila kunikatiza. Tulipofika kwao akanipa blanketi, akasema, "Sinema nzuri," akaingia ndani.

Mwaka uliofuata baba yake alifariki, akaacha shule. Mimi nikaenda sekondari, nikapata kazi ya ukarani Biharamulo, nikaoa, nikastaafu, nikarudi kwetu Ngara. Wala usidhani niliinama mara ile moja tu. Mama yangu alipougua miaka ya mwisho, mimi na dada yangu tulipatana kupokezana kumuuguza, mwezi kwake, mwezi kwangu. Zamu yangu ilipofika sikuonekana. Kila mara kulikuwa na kazi ofisini. Dada yangu naye hakuliachia blanketi.

Mwenzangu alihamia Lusahunga, pale njia ya Rusumo ilipo na malori hayakatiki mchana na usiku. Akafungua kibanda cha chai na chapati kwa madereva. Basi la Mwanza kwenda Ngara husimama pale, nami kila lilipokuwa likisimama nilifumba macho nikajifanya nimesinzia. Miaka yote hiyo. Ila safari hii, nikitoka kwa mjukuu wangu niliyemwacha na kinyongo, nikashuka.

Binti yake alikuwa akikanda unga. "Shikamoo, baba," akaniambia. Mwenyewe alikuwa kakaa kwenye kigoda, fimbo mapajani, jicho moja limeanza kuingia ukungu.

"Leo umeamka," akasema.

Nikakaa. Nikaletewa chai, nikaishika bila kunywa. "Bwana mkubwa," nikamwambia, "siku ile ya sinema, ile zamu ilikuwa yangu."

"Najua. Nilikuona ukiinama. Ulikuwa unafunga viatu gani, wewe?"

Binti yake akacheka bila kujua anachochekea.

"Na ule mwisho niliokusimulia, wa bibi na maharage. Niliutunga."

"Hilo nalo nalijua."

"Ulijuaje, na ulikuwa nje?"

Akaweka fimbo chini, akainua mikono yake yote miwili juu ya kichwa, vidole vikakunjwa vilevile. "Upepo ulipokuja, mkono mmoja haukutosha, ikabidi kidole kitoke tunduni. Nikashika kwa miwili. Sasa nikuulize wewe uliyesoma. Lile tundu la bibi yako, nililiziba na nini?"

Akafumba jicho moja, lile jingine akalisogeza mpaka karibu na uso wangu.

"Nikaona mpaka mwisho," akasema. "Kwa jicho moja, lakini mpaka mwisho."

"Mbona hukusema? Njia nzima uliniacha nikidanganya."

"Nilisubiri useme mwenyewe." Akashusha mikono polepole. "Sikujua itachukua muda huu wote."

Konda akaanza kupiga kelele, Ngara, Ngara, tunaondoka wazee. Nikasimama, nikakaa, nikasimama tena. "Basi niambie. Kijana alivuka? Iliishaje?"

Akaniangalia kama mtu anayepima chapati. "Si wewe ulikuwa ndani?" akasema, akacheka mpaka akakohoa, na binti yake akamletea maji.

Nilipanda basi. Nilikaa dirishani na sikusinzia mpaka nyumbani. Ukumbi ule ulibomolewa zamani, mawe yake yakajengea kitu kingine. Mwalimu hayupo, padri hayupo. Blanketi tulimzika nalo bibi, likiwa na tundu lake, na siku hizi watoto wanaona katuni kwenye simu huku wakila, mwanga hauwasumbui, wala hakuna anayemhitaji mwenzake asimame nje ili yeye aone. Mwisho wa ile filamu bado upo, lakini uko kichwani mwa mzee mmoja Lusahunga, na ukungu unalifunika jicho lake kidogokidogo. Mimi nimebaki nje, na sina hata tundu.