Meja wa Mchana Mmoja

Orville Mossop hakuwa mjinga, ingawa jeshi lilijitahidi sana kumsadikisha hivyo. Alikuwa mtu wa kutii tu. Alikulia Saskatchewan, kwetu Kanada, kwa baba asiyependa kurudia neno, na akiambiwa simama alisimama. Kule Uingereza, tulikofanya mazoezi mpaka tukamsahau Mjerumani mwenyewe, sajenti alimwambia alinde jiko la kambi. Kambi ikahama, jiko likauzwa kwa mkulima, na Orville akakutwa zizini kwa mkulima huyo, bunduki begani, analinda jiko.

Alijiandikisha pamoja na shemeji yake, Lester Tweed, mume wa dada yake Hazel. Lester alikuwa na maneno mengi na miguu mizito. Siku treni inaondoka, Hazel alimkamata kaka yake ukosi.

"Mume wangu huyu nakukabidhi wewe. Ukirudi peke yako, bora usirudi."

Kwa Orville hiyo nayo ilikuwa amri.

Krismasi ikatukuta Italia, matope hadi magotini, mto mbele yetu na Wajerumani ng'ambo. Mto ulikuwa na daraja lililovunjika katikati. Ukipanda mnara wa kanisa uliliona bila taabu. Lakini makao makuu yalipenda doria, na Meja Lorimer, mkubwa wa kombania yetu, alipenda kupendwa na makao makuu. Wiki iliyotangulia alituma watu wakalitazame. Wawili hawakurudi. Waliorudi walileta habari kwamba limevunjika. Sasa doria nyingine ilitakiwa kuvuka jioni ya Krismasi ili ihakikishe kama bado limevunjika, na Lester alikuwamo.

Siku hiyo, kwa desturi yetu, maofisa ndio huwapakulia askari chakula, na askari mdogo kuliko wote hubadilishana gwanda na mkubwa wa kombania. Mpaka vyombo vitolewe mezani, yeye ndiye mkubwa. Mwaka ule mdogo wetu alikuwa Orville, mwenye miaka ishirini na sita na upara. Waliokuwa wadogo kuliko yeye tulikuwa tumeshawazika njiani.

Tulikula ndani ya ghala, bata mzinga na viazi vya kopo. Meja Lorimer alizunguka na bakuli la mchuzi, amevaa gwanda la Orville lisilofungika vifungo, anatabasamu kama mgombea wa ubunge.

"Haya, Meja Mossop!" akasema kwa sauti ili wote wasikie. "Una amri gani leo?"

Kila mwaka amri ilikuwa bia ya pili. Orville akasimama, akafuta mdomo. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba ni mchezo.

"Doria itavuka jioni kama ilivyopangwa."

Lester akadondosha uma. "We Orville! Una wazimu? Mimi si shemeji yako?"

"Kimya, Tweed. Ila tunapunguza watu. Ataenda mmoja tu. Askari Lorimer."

Ghala zima likapasuka kwa kicheko. Meja naye akacheka, tena kutuzidi. Orville hakucheka, na sisi tukaanza kunyamaza mmoja mmoja.

"Umenisikia, Lorimer?"

"Nimekusikia, afande. Ha! Utani mzuri huo, Mossop."

"Si utani. Sajenti, mpe bunduki. Na buti avue, maji ni mengi."

Sajenti Dunphy alikuwa ameonja vita viwili. Alimtazama Meja, akalitazama gwanda lenye vyeo alilovaa Orville. "Sawa, afande," akasema, akaenda kuileta bunduki.

"Tusalimie Mjerumani, Lorimer!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma.

"Hiyo keki yako niachie mimi!" akadakia mwingine.

Meja angeweza kulivua gwanda lile akalitupa. Lakini kabla ya mwaka mpya kila kikosi kingejua kwamba Lorimer aliharibu Krismasi kwa kuogopa mto anaowavusha wenzake. Aliishika bunduki.

"Afande," akasema polepole, "kwa maoni yangu doria haina haja. Daraja linaonekana kutoka kanisani. Limevunjika."

"Una hakika? Umetumia darubini?"

"Hata bila darubini, afande."

"Basi imefutwa. Kaa ule."

Nilitaka kulia na kucheka kwa pamoja. Wawili tuliowapoteza wiki ile nilikuwa nikilala nao hema moja.

Vyombo vikatolewa, magwanda yakarudi kwa wenyewe, lakini neno lilikuwa limeshatoka mbele ya kombania nzima. Doria ya daraja haikutajwa tena. Makao makuu yakamsifu Meja kwa kupata habari za adui bila kupoteza mtu, akapewa nishani. Orville alipewa sepetu. Alituchimbia vyoo kutoka mto ule mpaka Uholanzi, mpaka amani ilipotangazwa.

Vita vilipokwisha niliwatembelea Orville na Lester kwao Saskatchewan, Jumapili moja. Hazel alitukaanga kuku, akatusimulia vita vyetu.

"Lester wangu alipigana," akasema, akimpapasa bega mumewe. "Kaka yangu huyu alichimba vyoo. Si kitu, kila mtu na kipaji chake."

Orville aliendelea kula. Hakuna aliyemwamuru aseme. Mimi damu ilikuwa inanichemka. Nikamkazia macho Lester, nikangoja afungue kinywa.

Akakifungua. Akaomba chumvi.