Jina Nililoliacha Jandoni

Mimi ni mwepesi wa hasira, na kwa miaka mingi niliamini ubatizo ulishanimalizia tatizo hilo. Ndivyo nilivyokuwa nikifundisha pia. Tuliporudi Palma, kaskazini mwa Msumbiji, baada ya kutawanywa na vita, nilikuwa katekista wa kanisa letu dogo, na kila Jumatano niliwaandaa watu wazima waliotaka kubatizwa.

Kupata mfano wa kufundishia hakukunisumbua. Kwetu bara, upande wa Diaca, kijana akitoka jandoni hupewa jina jipya, na lile la utotoni halitajwi tena. Anayelitaja amekutukana, na watu wameshapigana ngumi kwa ajili hiyo. Basi nikawaambia wanafunzi wangu kwamba ubatizo ni hivyohivyo. Mtu wa zamani amekwisha, yeye na hasira zake na tamaa zake. Aliyeingia katika neema hana tena asili ya dhambi ndani yake. Niliipenda sana sentensi hiyo.

Mama mmoja hakuipenda. Alikuwa mjane anayeuza mihogo ya kuchemsha, mkubwa kwangu kwa umri, na hakuogopa kuuliza.

"Mwalimu, jirani yangu alilichukua shamba langu nilipokimbia. Nikimwona tu roho inanichafuka. Nikibatizwa, hiyo itatoka?"

"Chuki ikiwemo, mama, bado hujawa tayari."

Nikamwacha nje ya lista, orodha ya watakaobatizwa. Padre huja mara chache, barabara ikiruhusu, na alipokuja tena nikamwacha vilevile. Hofu ya mama ilikuwa moja na aliisema waziwazi: alilala porini siku nyingi akijua anaweza kufa bila ubatizo, na hakutaka kukimbia tena akiwa hivyo. Sasa padre alikuwa anakuja Jumapili, na nilikuwa nimeshamkata jina kwa mara ya tatu.

Alhamisi niliacha dumu langu kwenye foleni ya bomba la maji, nikaenda kufagia kanisa. Niliporudi lilikuwa limesukumwa mwisho kabisa. Nikalibeba nikaliweka mbele bila kumwomba mtu ruhusa, maana mwalimu wa dini ana heshima yake, au ndivyo nilivyojidanganya. Mzee mmoja wa kijiji chetu cha kule bara alikuwa amemaliza kujaza dumu lake. Akanitazama, akaniita kwa jina langu la utotoni, wote wakisikia, akaniambia nirudi nyuma.

Sikumbuki nilifikaje alipokuwa. Nakumbuka maji yake yakitapakaa mchangani na mkono wangu ukiwa umekamata kola ya shati lake. Alikuwa mwepesi, mzee wa watu. Nilitaka kumpiga, na ningempiga, ila watu wawili walinishika. Nilipogeuka nikamwona yule mama kwenye foleni, ndoo tupu mkononi. Aligeuka akatazama bomba. Afadhali angenicheka.

Usiku ule nilipiga magoti. Nilisali, nikatubu, nikasali tena, na kila nilipolikumbuka lile jina damu ilichemka upya. Niliona aibu, na bado nilikuwa na hasira. Vyote viwili vilikaa ndani yangu bila kusumbuana. Kwa kipimo changu mwenyewe, mimi ndiye niliyestahili kukatwa. Lakini nikimwandika mama, nimekiri mbele ya darasa zima kwamba niliwafundisha uongo, na hilo sikulitaka hata kidogo.

Jumamosi asubuhi nikaenda kwanza kwa mzee, kisha kwa mama. Nilimkuta uani anamenya mihogo. Lista ilikuwa mfukoni mwangu, na nilitakiwa kuikamilisha kabla ya jioni.

"Karibu, mwalimu. Kuna nini?"

"Yule mzee nimemwomba radhi."

"Kakubali?"

"Kakubali. Kanipa na mkono."

"Na hasira yako imekwisha?"

Nilitaka kusema imekwisha. Jibu lilikuwa limeshafika mdomoni, zuri, limenyooka, kama yote niliyowapa darasani. Mama aliacha kumenya akanikazia macho.

"Haijaisha," nikasema. "Nilikuwa namwomba radhi huku natamani kumzaba kofi."

"Wewe umebatizwa miaka mingapi?"

"Thelathini na kitu."

"Na padre akija kesho, utapokea komunyo?"

"Nitaungama kwanza. Kisha nitapokea."

"Na hasira yako imo humo humo?"

"Imo, mama."

Nilingoja anitukane. Nilikuwa nimemfungia mlango mara tatu kwa kosa ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nalo kifuani. Akaweka kisu chini, akafuta mikono kwenye kanga yake, akanisogezea kigoda.

"Basi kaa hapo," akasema, "uniandike."